Barua ya wazi kwa walezi wa watoto wadogo wanaovuta dawa nyumbani

Wanangu,

Nawaandikia ninyi ambao mtoto wenu wa mwaka mmoja, miwili au mitatu ameandikiwa dawa ya kuvuta, iwe kwa nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu, au kwa inhela, kichupa cha kupuliza dawa, yenye spesa, yaani chombo cha plastiki kinachopokea mpulizo kabla mtoto hajauvuta, na ambao kila saa ya dawa inapofika nyumba hugeuka uwanja wa mieleka. Mimi ni bibi. Nimemlea mjukuu ambaye kifua chake kilianza kubana kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, na mengi nitakayowaeleza niliyajua baada ya kuyakosea kwanza.

Majuma ya mwanzo tulikuwa tukimviringisha kwa shuka, mama yake akimshika kichwa nami nikimkandamizia barakoa usoni, tukajiona walezi hodari kwa kuwa dawa ilikuwa ikiisha kikombeni. Siku moja nilivuta droo tulimohifadhi ile mashine, nami sikuwa na haja nayo hata kidogo, nilikuwa natafuta mkasi. Mtoto aliyekuwa akicheza sakafuni aliacha kila kitu, akaenda kusimama nyuma ya pazia, kimya, vidole vyake vya miguu vikichungulia chini. Nilibaki na mkasi mkononi nikivitazama vile vidole, na tangu siku hiyo shuka halikutumika tena kwa kazi ile.

Muuguzi mmoja mvumilivu ndiye aliyenifahamisha kwamba ubabe wetu haukuwa ukimwumiza mtoto moyo tu, bali ulikuwa ukipoteza dawa yenyewe. Mtoto anayelia hutoa pumzi ndefu na kuvuta hewa kwa mikupuo mifupi ya ghafla, hivyo sehemu kubwa ya ukungu wa dawa hugonga kinywa na koo kisha ikamezwa, na inayofika mapafuni ni kidogo. Wala msijidanganye kwa njia ya mkato ambayo wengi wetu huikimbilia, ya kushika barakoa mbali kidogo na uso na kumpulizia mtoto ukungu ili asisumbuke. Pengo la sentimita moja tu kati ya barakoa na shavu hupunguza dawa kwa kiasi kikubwa. Barakoa lazima igande usoni, ifunike pua na mdomo bila kuacha mwanya, na iwe ya ukubwa wa uso wa mtoto, kwa maana ya mtu mzima haiwezi kuziba vizuri hata mkiikandamiza vipi. Mkiyaweka pamoja hayo mawili, kwamba barakoa ibane na mtoto asilie, mtaona kuwa utulivu wa mtoto ni sehemu ya kipimo cha dawa.

Na utulivu huo hautafutwi usiku kifua kinapobana. Hutafutwa mchana, siku ambazo mtoto ni mzima na hakuna anayemharakisha. Sisi tulianza kwa kuitoa barakoa peke yake, bila mashine na bila dawa, tukaiacha mahali anapochezea kama chombo kingine chochote. Siku ya kwanza aliisukuma kwa mguu. Siku ya tatu aliiokota akaniwekea gotini, akaniambia, "Bibi, goti livute." Nikavuta pumzi kwa kelele nyingi, yeye akacheka, akahamia kwenye goti la pili, kisha kwa mwanasesere wake, kisha kwenye pua yangu. Mimi sikuomba nimvishe yeye. Alijivisha mwenyewe siku ya sita au ya saba, akaitoa papo hapo, nami nikamsifu kana kwamba amejenga nyumba. Baada ya hapo tukawa tunahesabu: moja, mbili, tatu, inatoka, kesho yake hadi tano, hatimaye hadi kumi. Jambo la muhimu kuliko yote katika mchezo huo ni kuitoa barakoa pale hesabu inapofika mlipoahidiana, kwa sababu mtoto anayejua kuwa jambo lina mwisho hulistahimili, na mkimdanganya mara moja mtaanza upya kutoka gotini.

Mwenye nebulaiza ana mtihani wa pili, nao ni ngurumo. Iwasheni kwanza ikiwa mbali, hata chumba cha pili mlango ukiwa wazi, mtoto akiwa mikononi mwa mtu anayempenda, kisha kila siku isogezwe kidogo. Mwacheni abonyeze swichi yeye mwenyewe kuiwasha na kuizima, maana kelele unayoitawala haitishi kama kelele inayokutawala. Dawa ya nebulaiza huchukua kati ya dakika 5 na 15, na kwa mtoto wa miaka miwili hizo ni karne, kwa hiyo tafuteni jambo ambalo hulipata wakati huo tu: kitabu fulani cha picha, wimbo fulani, au hadithi ambayo haisimuliwi saa nyingine. Mjukuu wangu alikuwa na wimbo wake wa mashine, na ole wangu nikiuimba wakati mwingine.

Kwa upande wa spesa, kazi ni fupi mno. Tikisa inhela, bandika barakoa, bonyeza mpulizo mmoja tu, uache mtoto avute pumzi tano au sita huku ukiangalia vali, kile kidude cha spesa kinachofunguka na kufunga kwa kila pumzi, ikicheza, kisha subiri nusu dakika au dakika moja na utikise tena kabla ya mpulizo wa pili ikiwa umeandikiwa. Kubonyeza mipulizo miwili kwa mkupuo ili kumaliza haraka ni kujipunja. Nawaambia pia, kwa kuwa wengi hawajui, kwamba kifua kinapobana kwa kiasi kidogo au cha wastani, inhela yenye spesa na barakoa inayobana hufanya kazi sawa na nebulaiza. Mtoto wenu akishindwa kabisa na mashine, mwulizeni daktari kama inaweza kubadilishwa. Lakini msibadilishe wenyewe.

Kuhusu mkao, acheni kumlaza chali. Mpakateni akiwa wima, mgongo wake kifuani mwenu, mkono wenu mmoja ukikumbatia mikono yake na mwingine ukishika barakoa, shavu lenu karibu na lake ili ahisi mnavyopumua. Pumueni polepole nanyi, kwa sauti inayosikika, naye atafuata bila kuambiwa. Mkono ule unaokumbatia ukianza kukaza kama kamba, ataujua mara moja.

Maneno nayo yana kazi yake. Msimwulize "Tuvute dawa?" kama jibu la hapana halitakubaliwa, mwulizeni badala yake kama atavutia kitandani au kitini, kama mwanasesere atatangulia au atafuata. Msimwambie kuwa ni peremende. Na naomba sana, yule mjomba au shangazi anayemtishia mtoto mtukutu kwamba "nitakuletea mashine" aambiwe kwa adabu anyamaze, kwa sababu neno lake moja hubomoa mlichojenga kwa wiki nzima.

Huulizwa sana kama si afadhali kumpa akiwa usingizini. Wapo watoto wanaolala fofofo wakavuta hadi mwisho, sikatai. Lakini wengi huzinduka wamefunikwa uso gizani, wakapiga kelele kuliko za mchana, na baadhi wakaanza kuogopa hata kulala. Mimi nilijaribu mara mbili, nikaacha.

Ikiwa mtoto ameandikiwa dawa ya kinga ya kila siku, kama vile budesonide, msiikatishe kwa kuwa anaonekana mzima. Mkiishamaliza mfuteni uso na mpeni maji anywe, ili masalia ya dawa yasimletee utando mweupe wa fangasi mdomoni. Dawa ya kufungua njia za hewa, kama salbutamol, inaweza kumfanya atetemeke mikono, moyo uende mbio na achangamke kupita kiasi, kwa hiyo akikataa kulala nusu saa baadaye msimgombeze. Vyombo navyo vioshwe. Spesa ioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na iachwe ikauke yenyewe, isisuguliwe kwa kitambaa, kwani kitambaa huipa chaji ya umeme inayovuta dawa ikabaki ukutani mwake. Kikombe cha nebulaiza kioshwe kila baada ya matumizi, na kisiwekwe kamwe maji ya bomba badala ya dawa au maji ya chumvi safi mliyopewa.

Sasa nisieleweke vibaya. Haya yote ya magoti na wanasesere ni ya siku za amani. Kifua kikibana kweli na saa ya dawa imefika, mtoto atavuta dawa hata akilia, akishikwa imara na mtu asiyemkaripia, kisha akumbatiwe mpaka atulie. Dawa kidogo ni bora kuliko kuisubiri tabasamu. Na mkiona nyama za katikati ya mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, pua zikitanuka, anaguna, hawezi kunywa wala kusema, amelegea, au midomo imegeuka rangi ya buluu, wakati wa kubembeleza umekwisha: mpelekeni hospitali papo hapo, na kama mna dawa ya kufungua njia za hewa mpeni mkiwa njiani kwa namna mliyoelekezwa. Mkiwa na shaka mhesabieni pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa haraka, na zinatosha kuwapeleka kwa daktari.

Droo ile bado ipo, mkasi nimeuhamisha. Mashine sasa hutolewa na mwenyewe, huiburuta kwa waya hadi miguuni pangu, jambo ambalo nimelikataza mara nyingi bila mafanikio.

Ni mimi, bibi yenu.