Kaka, lile swali lako la tenisi

Kaka shikamoo,

Natumai nyote wazima hapo Mombasa, shemeji na watoto. Mi sijambo ila baridi ya Loughborough huku Uingereza haina adabu, na wiki hii nimepewa shifti za jioni tupu kwa hii senta ya tenisi, ndo maana nakuandikia usiku huu miguu bado inawaka moto. Voisi yako niliisikiza mara mbili, ile unauliza ati Waingereza kuongeza haya mashindano madogo kunawajenga wachezaji wao kweli ama ni pesa ya bure, Wimbledon iko kwao na bado mabingwa wao ni wa kuhesabu kwa vidole.

Mi naona kunasaidia. Lakini ngoja.

Shika hesabu kwanza. M15, lile shindano la kulipwa la chini kabisa la wanaume, fungu lote ni dola 15,000 na wanagawana wote, bingwa anaondoka na elfu mbili na kidogo na pointi 15 za kupandia orodha ya dunia, ukitolewa raundi ya kwanza unachopata hakifikishi hata nauli. Sasa Wimbledon 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza alibeba pauni 66,000! Hapo katikati ndo vijana wanapotelea. Wengi wanakimbilia Monastir kule Tunisia, huko mashindano ni karibu kila wiki, wanakaa hotelini wanasaka pointi na bili yote ni ya baba na mama. Shindano likiwa huku Uingereza, Shrewsbury ama Sunderland ama hapa, kijana analetwa na gari la mamake jioni amerudi kulala kwao.

Na si pesa tu. Juzi kuna mmoja alipigwa asubuhi, seti mbili chapchap, mi nikajua huyo kashaenda zake, kumbe saa moja usiku bado yuko korti ya mwisho na kocha wake wanarudia sevu ileile iliyomwangusha, nikawaachia taa nikaendelea kupiga deki huku kwingine. Angekuwa Tunisia peke yake angekuwa amelala chumbani anaangalia simu.

Sasa ile ngoja yangu ni hii. Unamjua Jacob Fearnley, yule Mskoti? 2024 ametoka chuo Texas, yuko nje ya 500 bora wa dunia, akachukua Challenger ya Nottingham hapa jirani, hizo Challenger ni ngazi ya juu ya hizi M15, Wimbledon akamnyang'anya Djokovic seti moja, na mwaka haujaisha kashaingia 100 bora. Watu wa hapa wanasema umeona, mashindano ya nyumbani hayo! Mi nasema sawa, mlango ulifunguliwa Nottingham, lakini miguu ya kupita aliipata Marekani, miaka kwenye ligi ya vyuo anacheza mechi ngumu mfululizo. Ukiweka mashindano matatu leo na mengine baada ya miezi, halafu nafasi za bure, zile za kuingia bila kuangaliwa pointi, zote unawapa wenyeji waliojuana tangu utotoni, watapokezana pointi wao kwa wao tu. Mi hufurahi wageni wakija wakiwatandika, kelele za wazazi hapa hazinihusu.

Waitaliano walilielewa hilo mapema. Challenger wanazo tele kwao, Jannik Sinner wao alipewa nafasi ya bure kwenye ile ya Bergamo 2019 ana miaka 17, akalibeba lote. Wakachukua Davis Cup, lile kombe la timu za mataifa, 2023 na 2024.

Kwa hiyo wewe na hao watoto wako wa klabu usingoje shindano kubwa. Angella Okutoyi alitokea hukohuko Kenya, Nairobi, na 2022 akashinda dabo ya wasichana Wimbledon. Alika wa Tanga, alika wa Kampala, wacheze wikendi tatu zifuatane, anayefungwa ya kwanza ajue ya pili inakuja kabla hajasahau alichokosea.

Mipira iliyochoka hapa huwa wanaitupa, nimeomba nikakubaliwa, nishajaza mifuko miwili. Kuna mtu anashuka Disemba, niambie kama shemeji ataweza kumpokea uwanja wa ndege wa Moi.

Wako mdogo