Hilo la Andromeda

Mikindani, Mtwara
Mwishoni mwa Novemba

Ndugu yangu Selemani,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, mama anauliza utaonekana lini. Minada ya korosho inaendelea. Bei tutaongea kwa simu, nikianza hapa nitajaza karatasi.

Aliyekutumia video kwamba Andromeda, galaksi jirani (yaani kundi kubwa mno la nyota na gesi, kama hili letu lenye Jua), inakuja kutugonga na nyota zitapondana amekutia hofu ya bure. Kuja inakuja kweli, kilomita kama 110 kila sekunde, ila ipo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima). Mwaka 2025 wanaastronomia walipiga hesabu upya kwa vipimo vya darubini za Gaia na Hubble, wakakuta uwezekano wa kugongana ndani ya miaka bilioni 10 ijayo ni kama nusu kwa nusu. Mkopo wako wa bodaboda utakuwa umeisha.

Na hata galaksi hizi mbili zikigongana, nyota kwa nyota ni nadra kugusana. Lifanye Jua punje ya korosho iliyobanguliwa, uiweke hapa Mikindani. Nyota ya jirani itakuwa korosho nyingine huko kwako Dar es Salaam. Kinachogongana ni gesi (usicheke, sisi wa Mtwara kila habari huishia kwenye gesi). Mawingu ya gesi yaliyotanda baina ya nyota hayana pa kupishana. Yanabanana, yanajiporomokea kwa uzito wake yenyewe, katikati joto linafika mamilioni ya nyuzi, hidrojeni inaanza kuungana kuwa heliamu: nyota imezaliwa. Tena huzaliwa kwa mkupuo. Galaksi za Antena, alizoziona William Herschel mwaka 1785, zimo kwenye vurugu hiyo, na Hubble imeonyesha humo vishada zaidi ya 1,000 vya nyota changa. Vingi ni vya buluu. Nyota kubwa za rangi hiyo huishi miaka milioni chache tu, kwa hiyo ukiziona ujue hazina muda tangu zizaliwe.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba sisi wa kusini tuna mfano wa kuona kwa macho matupu. Juzi umeme ulikatika, nikatoka na watoto saa tatu usiku. Ukielekea upande wa Msumbiji, juu ya minazi, kuna madoa mawili hafifu, upepo uvume usivume hayaondoki. Mwanangu mdogo alishikilia kwamba ni moshi wa jikoni kwa jirani. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo mbili: kubwa iko miaka ya nuru kama 160,000, ndogo kama 200,000. Zimevutana mpaka gesi ikachomoka ikatanda daraja kati yao, na humo darajani wanaastronomia wamekuta nyota changa. Halafu tukageukia kaskazini, na huyo Andromeda wako akawa anaonekana, kidoa kirefu, hana habari na mtu.

Mvua zikishika hutaona kitu. Wahi, uje na ile darubini ya shemeji yako, hata kama kioo kimoja kina ufa.

Wako,
Hamisi