Kabla hujaenda kwa guka, babu yako

Mwanangu,

Jumamosi mnapanda gari la Murang'a na baba yako, na kila nikitaka tukae wawili mdogo wako anadandia mazungumzo. Basi naandika.

Kutahiriwa kwenyewe hakunipi wasiwasi. Ni hospitalini, kwa ganzi, na daktari alikueleza. Nawa mikono kabla ya kugusa kidonda. Usidhani ukianza kutembea vizuri umepona, kupona kabisa huchukua wiki kama 6. Ukiona usaha, homa au damu isiyokatika, mwambie guka siku hiyo hiyo.

Ninachoogopa ni wale vijana watakaokuja usiku kukutembelea. Kila Desemba tunasikia: mvulana amelazwa kwa kupigwa na wakubwa, mwingine kanyweshwa pombe, eti anafundishwa uanaume. Kazi ya mutiri, mlezi wako wa jandoni, ni kukuuguza na kukushauri. Akikuinulia mkono, huyo si mutiri tena. Usinyamaze.

Nasema usinyamaze kwa sababu nakujua. Muhula uliopita wenzako hapa ploti walikucheka kwamba unapika chapati, ukaacha kuingia jikoni, nami nikaja kuambiwa na jirani. Mbona hukuniambia? Mtoto anayeweza kumlisha mdogo wake nikiwa kazini hana cha kuonea aibu, na mimi hukusifu hata kanisani.

Watakwambia mambo ya huko mama haambiwi. Mengine sawa, yaweke. Kipigo si siri ya jando. Katiba, kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili na mila zenye madhara, na wewe hata ukitoka huko ni mtoto mpaka utimize miaka 18. Namba ya kusaidia watoto ni 116, hupigwa bure. Ikariri, maana simu yako wanaweza kuichukua.

Nimekufungia leso mbili na kaptura ile pana. Kadi ya hospitali iko kwa baba, mkumbushe, unamjua. Sare ya Gredi ya 7 tutanunua Januari, unarefuka haraka sana siku hizi. Mwambie cucu, nyanya yako, pesa za unga nitatuma Ijumaa, asiuze mbuzi.

Wakileta pombe, usionje. Wakikupiga, sema: kwa guka, kwa baba, kwangu, kwa yeyote aliye karibu.

Jumapili jioni nitampigia guka. Nataka kusikia sauti yako mwenyewe, sitaki kuambiwa umelala.

Mama