Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Manyoya ya Jike wa Mbwa na Tarehe ya Joto

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mweka hazina ameshazigawa, na sina la kuongeza isipokuwa kwamba ada za nusu ya pili zimechelewa tena, na mnaohusika mnajijua. Mikutano imefanyika yote ila ule wa Aprili, ambao masika yaliuzuia. Nafasi iliyobaki nataka niitumie kwa jambo lililonipigisha simu kuliko yote mwaka huu: "Mwenyekiti, jike wangu ananyonyoka manyoya, nimpe dawa gani?"

Nilijizoesha kutojibu kabla ya kuuliza: alipata joto lini, yaani zile siku zake za kutoa damu na kutaka dume? Wengi wenu mlinyamaza. Mmoja akaniambia ilikuwa kabla ya Krismasi, mwingine wakati wa palizi. Sicheki, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Miaka michache nyuma jike wangu wa German Shepherd alianza kupuputika mpaka uani pakawa kama pamechunwa kondoo. Mbavu zikaonekana, mkia ukabaki kama kamba. Nilimpaka dawa ya upele, nikamchoma sindano mbili nisizojua ni za nini, nikabadilisha chakula mara tatu kwa mwezi mmoja. Manyoya yakarudi, nami nikaisifu dawa ya mwisho. Joto lililofuata, kwa bahati tu, niliandika tarehe nyuma ya mlango wa stoo. Miezi 3 baadaye yakapuputika tena, vile vile. Safari hii sikumpa dawa yoyote, na yakarudi vile vile.

Sababu yake iko ndani ya mwili wa jike mwenyewe. Joto lenyewe huchukua kama wiki 3: siku 9 hivi za mwanzo anatoa damu na kuwakataa madume, kisha siku karibu hizo hizo anawakubali. Kinachofuata ndicho tusichokiona. Homoni ya mimba hupanda na kubaki juu kwa takriban miezi 2, awe amepandwa au hajapandwa. Mwili wa mbwa hautofautishi. Ndiyo maana wengine, wiki 6 hadi 9 baada ya joto, huvimba chuchu, huchimba shimo na kukumbatia kiatu cha mwenye nyumba kama mtoto. Homoni hiyo ikishuka, manyoya mengi huachia kwa pamoja, kwa kawaida kati ya mwezi wa 2 na wa 4 baada ya joto. Aliyezaa humwaga zaidi, kwa sababu maziwa nayo yamemla. Huku kwetu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo hakuna majira ya baridi kali ya kusingizia. Kwa jike, wa kuulizwa kwanza ni joto lake.

Majike hawalingani. Wengi hupata joto kila miezi 6 au 7. German Shepherd wengine hurudia hata baada ya miezi 4 au 5, hivyo kwao manyoya hayajakaa sawa joto jingine limeshabisha hodi. Basenji, yule mbwa wa Kongo asiyebweka, hupata mara 1 tu kwa mwaka. Usimpime jike wako kwa jike wa jirani.

Nywele ni protini, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba pumba na mchuzi vinamtosha mbwa. Pumba na dona zina kitu kinachoshika madini ya zinki tumboni yasifyonzwe vizuri, na zinki ikipungua ngozi hutoa magamba na manyoya hufifia. Mwongezeeni dagaa walioshwa mchanga, mayai yaliyopikwa, na ini kidogo mara moja kwa wiki, si bakuli zima, kwa kuwa vitamini A nyingi nayo ni sumu. Utumbo na mapafu kutoka machinjioni vipikwe viive. Vibichi vina minyoo ambayo mbwa huibeba na kuirudisha kwa watoto wetu. Anzeni mapema, joto linapoisha, msisubiri mpaka mbavu zihesabike. Anayenyonyesha, watoto wakifikisha wiki 3 au 4, huhitaji chakula mara 2 hadi 4 ya kile cha siku zote.

Yanapopuputika, mchaneni kila siku ili manyoya mafu yatoke na ngozi ipate hewa. Kuogesha kwa sabuni ya kufulia kunakausha ngozi. Na oili chafu ya gari, ndugu zangu, tuiache kabisa. Inaunguza ngozi, na mbwa hujilamba akaimeza. Vivyo hivyo dawa ya josho la ng'ombe iliyokisiwa kwa kifuniko cha chupa.

Mtauliza, je, kila kunyonyoka ni salama? La. Kunyonyoka kwa joto huenea mwili mzima na ngozi hubaki safi, bila kuwasha. Mkiona viraka, wekundu, harufu au kujikuna usiku kucha, huo ni upele, viroboto au kupe, na upele wa aina fulani hulipuka hasa jike anapokuwa kwenye joto. Huyo ni wa daktari wa mifugo.

Tarehe ina kazi nyingine iliyo kubwa kuliko manyoya. Mwanachama mwenzetu mmoja ameniruhusu niliseme hili. Jike wake alianza kunywa maji mno, kukojoa ovyo na kukataa chakula. Wakadhani ni hali ya hewa. Kumbe ilikuwa wiki ya 6 baada ya joto, na kizazi kilikuwa kimejaa usaha. Alifikishwa kwa daktari amechelewa. Kati ya wiki ya 4 na ya 8, kiu ya ghafla kwa jike asiyehasiwa isisubiri kesho, hata kama hatoi uchafu wowote nyuma. Sindano za uzazi wa mpango ambazo baadhi yetu huwachoma ili wasipate joto huongeza hatari hiyo hiyo. Asiyetaka watoto ni bora amtoe jike kizazi, na wakati mzuri ni miezi 2 au 3 baada ya joto, damu ikiwa imetulia.

Kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa nitasema kifupi: jike kwenye joto hukusanya madume ya mtaa mzima getini, wanaumana, na hatujui nani kachanjwa. Tutachanja tena Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Kamati imekubali kila jike awe na kadi: siku ya kwanza ya damu, siku aliyoacha kukubali madume, wiki ya 4 hadi ya 8 zikiwa zimezungushiwa duara jekundu, na mwezi manyoya yalipoanza kutoka. Kadi ziko kwa katibu, hazilipiwi. Asiyekumbuka joto la mwisho aandike tarehe ya leo na hali ya manyoya alivyoyaona asubuhi, aanzie hapo.

Mwenyekiti wenu