Nonriteni si ya kufunga na kuisahau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu nonriteni, ile valvu inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu bila kurudi. Mimi ni fundi bomba hapa Mbagala, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa 19 kwenye kazi hii.

Mwezi wa tatu mwaka huu mama mmoja anayeuza chai na chapati mtaani kwetu aliniita. Wateja walikuwa wanamrudishia vikombe, wanasema chai ina chumvi. Alishamgombeza kijana wake akidhani anachanganya makopo. Nikaonja maji ya bomba lake: maji ya kisima kabisa. Na yeye hana kisima.

Nikafuata laini nyumba kwa nyumba. Siku hiyo mgao ulikuwa umetupitia, bomba kubwa halina presha. Nyumba ya nne nikaona mita inageuka kinyumenyume, kile kigurudumu chekundu kinakimbia kwelikweli. Mwenye nyumba ana kisima kirefu, na pampu yake imeunganishwa kwenye bomba lilelile la maji ya mjini. Geti valvu, ile ya kufungia kwa mkono, imeachwa wazi. Kilichobaki kuyazuia maji ya kisima yasiingie kwenye bomba la mtaa ni nonriteni moja ya shaba, ya inchi moja.

Ilibidi nikate bomba kuitoa, kwa sababu aliyeifunga hakuweka yunioni, kiungio kinachofunguka kwa spana, hata upande mmoja. Nikaifungua. Kibao chake cha kuzibia maji kilikuwa kimekaa upande, kama mlango uliobanwa na jiwe. Chini yake palikuwa na kipande cha tepu nyeupe, ile tunayozungushia kwenye hesi, urefu wa ukucha, kimejiviringisha na chembe za mchanga. Raba ilikuwa ngumu kama kwato. Ndani kote magamba ya chumvi. Uwazi wa unene wa njiti ya kiberiti, na mtaa mzima ukanywa kisima cha mtu mmoja.

Mhariri, chumvi ulimi unaihisi. Je, ingekuwa mpira wa maji uliotumbukizwa kwenye pipa la dawa ya kunyunyizia mboga, bomba kubwa likapoteza presha na kuifyonza dawa ile? Mwaka 1933 kule Chicago, Marekani, maji machafu yaliingia kwenye mabomba ya maji safi ya hoteli, na watu 98 walikufa kwa ugonjwa wa amiba. Sisi wa maji ya mgao, mabomba yetu hukosa presha kila wiki.

Nilifanya kazi ya matengenezo miaka minne kwenye hoteli moja ya ufukweni. Pale nilikuta kifaa chenye nonriteni mbili zinazofuatana, valvu ya kufungia mwanzo na mwisho, na koki nne ndogo za kupimia. Kila mwaka alikuja mzee mmoja na geji yake ya kupimia presha, na kila nonriteni ilitakiwa kushika presha ya angalau psi 1. Isiposhika, inafunguliwa siku hiyohiyo. Huyo mzee ndiye aliyenifundisha. Funga valvu zote mbili, kisha fungua koki presha itoke, ndipo uguse mfuniko. Legeza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana, maana springi iliyobanwa inaweza kukurukia usoni. Pale raba inapokalia, usikwangue kwa bisibisi. Mkwaruzo mmoja tu na haitashika tena. Raba ikichoka unaweza kuigeuza ikusogeze siku chache, lakini nunua mpya. Na usipake grisi ya gari wala mafuta ya kujipaka! Huivimbisha raba. Kuna grisi ya silikoni ya maji ya kunywa, hiyo ndiyo yake. Kabla ya kurudisha mfuniko, acha maji yasukume uchafu wote nje.

Ninachoomba si kikubwa. Mafundi wenzangu, wekeni yunioni kila upande wa nonriteni na valvu kabla yake, ili ifunguke bila msumeno. Na tazameni mshale, nimeshakuta iliyofungwa kinyume. Wenye visima, tenganisheni kabisa laini ya kisima na ya mjini, au ingizeni maji ya mjini juu ya tanki, bomba lisiguse maji yaliyomo. Na mamlaka ya maji: msoma mita anapita kila mwezi, apewe pia kazi ya kuuliza kama nyumba ina kisima na nonriteni yake ilifunguliwa lini. Nyumba ile ya nne isingeweza kujibu. Ilifungwa walipohamia, basi.

Ile mpya niliyowafungia nimeiandikia tarehe kwa rangi nyekundu kwenye bomba. Mwenye nyumba, ambaye kwa kweli alishtuka na kwenda mwenyewe kumwomba radhi mama wa chai, ameniambia nirudi Machi mwakani kuifungua.

Fundi bomba,
Mbagala, Dar es Salaam