Barua kwa mwanangu: kuhusu huo mfupa wa dainosa ulioniagiza

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipata kwenye voisi, marahaba. Na mimi mpe bibi shikamoo zangu, mwambie hela ya mwezi huu nimetuma jana usiku aangalie simu. Hiyo voisi yako nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa zamu ya usiku wazee wamelala, nikawa nacheka peke yangu mpaka mwenzangu akaja kuchungulia kuna nini. Yaani unaniambia eti mama huko uliko mbona hakuna kitu, kila picha mawingu na wewe umevaa koti. Haya bwana, leo niko off, nakujibu kwa kirefu.

Kwanza waambie wenzio mama hayuko London. London ni mwendo wa treni karibu masaa matatu kutoka huku. Mimi niko Dorset, kusini kabisa, pwani, mbele yetu ni maji tu mpaka Ufaransa. Na hii pwani, kuanzia kaunti ya jirani inaitwa Devon mpaka huku kwetu, kilomita kama 150 hivi, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia 1981, kwa hiyo Lindi yenu iliwatangulia miaka 20, kaseme hilo darasani. Ila huku si magofu, ni mawe. Ukianzia magharibi kuja mashariki unapita mawe ya miaka milioni 185 yamepangana kama kurasa, kule mwanzo mekundu kama tofali, katikati ya kijivu yanakaribia weusi, mwisho meupe pee kama chokaa.

Nlivyofika sikuona hata kimoja cha hayo. Nliona baridi.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni ufukwe wao mmoja unaitwa Chesil, urefu kama kilomita 29 na hauna mchanga, ni kokoto tupu, ukikanyaga mguu unazama unarudi nyuma kama unapanda lundo la mahindi. Sasa upande wa West Bay zile kokoto ni ndogo kama njegere, unavyozidi kwenda Portland zinakua, zinakua, mpaka ukifika kule moja inajaza kiganja. Hakuna aliyezichambua, ni mawimbi tu. Wanasema zamani mvuvi akitua usiku wa giza anapapasa kokoto anajua yuko wapi. Kuogelea hapo ndo usithubutu, maji yanavuta.

Tuje kwenye mfupa wako. Jumapili nlipanda basi nikaenda Charmouth, hapo ndo pa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Nimeuliza kwanza maana sitaki kesi ya watu, wakanambia vilivyolala ufukweni ruhusa kuokota, ila genge lenyewe, ule ukuta wa mwamba juu ya ufukwe, huligongi na nyundo, na ukipata kikubwa cha maana unakwenda kukiandikisha kwenye kituo cha visukuku pale pale. Na maji uyajue, uende yakiwa yanakupwa, maana yakijaa unabanwa kati ya bahari na genge huna pa kukimbilia. Hilo nikasema mimi mtoto wa pwani nalijua. Bas nikakaa zangu kwenye jiwe chini ya genge nimefungua chapati yangu, mara bibi mmoja ana fimbo na mbwa akaanza kunipigia kelele toka mbali, kuangalia juu, udongo unadondoka vipande vipande kama wali uliochacha. Chapati nliiacha pale pale.

Yule bibi ndo akanifundisha kutafuta. Huangalii mawe makubwa, unachuchumaa pale maji yalipoacha changarawe ndogo, unatafuta kitu kinachong'aa kama shaba. Nlichuchumaa kama saa nzima, vidole vimekufa ganzi, nikaona kiduara, kadogo kuliko sarafu ya mia, kamejikunja kama konokono na mistari yake yote ipo. Inaitwa amonaiti. Konokono siye lakini, ndugu zake ni pweza na ngisi, aliishi baharini miaka milioni 190 hivi iliyopita.

Kilomita chache toka pale kuna mji wa Lyme Regis, alizaliwa msichana anaitwa Mary Anning, 1799. Baba yake seremala, akafa 1810 akawaachia madeni, wakawa wanaokota visukuku na kuwauzia wageni wapate kula. Kaka yake aliona fuvu 1811, Mary akaja kufukua mwili uliobaki, mnyama wa baharini mkubwa ana mdomo kama pomboo, na yeye ana miaka 12. Kama wewe! Ila yeye hakuwa analala mpaka saa nne asubuhi likizo. Mabwana wa London walinunua vitu vyake wakaviandikia vitabu, jina lake wanaliruka, na chama chao cha jiolojia hakikupokea mwanamke kuwa mwanachama mpaka 1919, mwenyewe keshakufa toka 1847. Mbwa wake aliuliwa na maporomoko pembeni yake. Sanamu yake imesimamishwa 2022 tu, yupo na huyo mbwa, na nyundo mkononi.

Nlipoiona ile sanamu nikamkumbuka bibi yako na hadithi zake za Tendaguru, kile kilima cha huko Lindi, za mababu waliobeba mifupa ya dainosa kichwani siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Ni kweli kabisa mwanangu, si ngano. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, zaidi ya tani 200, na yule mkubwa amesimamishwa Berlin, mita 13 kwenda juu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wa kwetu, Boheti bin Amrani, jina lake walikuja kumpa dainosa mmoja 2007. Na sasa sikiliza: huku Dorset kuna kakijiji kanaitwa Kimmeridge, nyumba za kuhesabu, mawe yake ya kijivu ndo yamekipa jina kile kipindi cha miaka kama milioni 150 iliyopita, dunia nzima wanakiita hivyo. Mifupa mingi ya Tendaguru ni ya kipindi hicho hicho. Kwa hiyo dainosa wa kwenu anatajwa kwa jina la kijiji cha kwangu, na hakuna aliyewahi kunambia shuleni.

Kuna Durdle Door pia, jiwe limetobolewa na bahari kama mlango, picha ntakutumia. Na kisiwa cha Brownsea ambako Baden-Powell alifanya kambi ya kwanza ya skauti 1907, yule aliyezikwa Nyeri, Kenya. Mwambie mwalimu wako wa skauti.

Mfupa sina, nakutumia amonaiti yangu, anakuja nayo dada mmoja anarudi likizo. Usiioshe! Lile rangi la shaba ni madini, yakipata unyevu yanaoza yanakuwa unga, na joto la Lindi unalijua. Iweke kwenye kopo la dawa lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, viko kwenye droo ya bibi, usimwambie umevitoa wapi.

Mama