Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS: waya wa umeme upimwe kwa omu

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Dar es Salaam.

YAH: NYAYA ZA WAYARINGI ZA MAJUMBANI ZINAZOUZWA KAMA SHABA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Sisi ni mafundi umeme wa majengo. Tunakuandikia hadharani kwa sababu tunachoomba kiko ndani ya mamlaka ya shirika lako, na kwa sababu mwenye nyumba anayejenga leo anahitaji kukijua kabla hajanunua roli la kwanza la waya. Ombi letu ni hili: waya wa kondakta unaouzwa dukani uhukumiwe kwa ukinzani wake, yaani kiasi unavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu kwa kila kilomita, na namba hiyo ichapishwe kwenye ganda lake, mita baada ya mita.

Kwa sasa mnunuzi anaongozwa na vitu viwili tu: maandishi ya "2.5" kwenye ganda, na wekundu anaouona nchani waya ukichubuliwa. Vyote viwili ni rahisi kughushi.

Tuanze na hiyo 2.5. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wenzetu, wanaamini ina maana kwamba ndani kuna shaba yenye eneo la milimita za mraba 2.5 kamili. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 hakisemi hivyo. Kinachomfunga mtengenezaji ni ukinzani: kwenye nyuzi 20 za sentigredi, waya mgumu wa shaba wa 2.5, uwe wa uzi mmoja au wa nyuzi saba, usizidi omu 7.41 kwa kilomita. Wa 1.5 usizidi 12.1, wa 4 usizidi 4.61, wa 6 usizidi 3.08, wa 10 usizidi 1.83. Waya laini wa ekstensheni una kikomo chake: 13.3 kwa wa 1.5 na 7.98 kwa wa 2.5. Kipimo cha haki kipo tayari basi, tena ni namba moja isiyobishaniwa. Tatizo ni kwamba haijafika dukani.

Jicho haliwezi kufanya kazi ya namba hiyo. Uzi mmoja wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78 hivi. Ukipunguzwa hadi milimita 1.5, tofauti ni robo tu ya milimita, na ganda la PVC likinenepeshwa kidogo hakuna atakayeitambua kwa kushika. Lakini eneo linakwenda na mraba wa kipenyo: 1.5 mara 1.5 mara 0.785 ni milimita za mraba 1.77. Mteja amelipia 2.5, asilimia 29 ya eneo imeyeyuka, na waya bado unajaa mkononi.

Kisha kuna suala la metali yenyewe. Shaba safi ya urefu wa mita 1 na eneo la milimita ya mraba 1 ina ukinzani wa omu 0.0172. Alumini ya vipimo hivyohivyo ina 0.0282. Katikati yao, lakini karibu zaidi na alumini, iko alumini iliyovikwa shaba, ambayo kwenye katoni huandikwa CCA pale muuzaji anapokuwa mkweli. Ile ambayo shaba ni asilimia 10 ya ujazo ina takriban omu 0.0274. Ukiichubua kwa plaizi, nje ni nyekundu kama shaba. Ukiikwangua kwa kisu, au ukitazama ncha iliyokatwa sawasawa, utaona moyo mweupe umezungukwa na pete nyembamba nyekundu. Isichanganywe na shaba iliyopakwa bati: hiyo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, na ni waya halali kabisa.

Wako wanaoitetea CCA kwa kusema umeme hupita juu juu ya waya, kwa hiyo kilichomo ndani hakina shida. Kwenye waya wa antena ya televisheni hoja hiyo ina ukweli, kwa sababu masafa ni makubwa mno. Umeme wa nyumbani ni wa hezi 50. Kwa masafa hayo mkondo huzama ndani ya shaba kiasi cha milimita 9, wakati nusu kipenyo ya waya wa 2.5 haifiki hata milimita moja. Mkondo unajaza waya wote, moyo mweupe ukiwemo.

Sasa weka kasoro mbili pamoja, waya mwembamba na metali isiyo shaba: 0.0274 gawa kwa 1.77 ni omu 15.5 kwa kilomita. Ni zaidi ya mara mbili ya 7.41. Chukua sakiti ya kawaida ya soketi, mita 20 kutoka kwenye breka, yaani mita 40 ukihesabu kwenda na kurudi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 zikiwaka pamoja zinavuta ampea 13. Kwenye shaba halali ukinzani wa njia ni omu 0.3, volti zinazopotea ni karibu 4, na joto linalobaki ukutani ni wati 50. Kwenye waya ule mwingine ni omu 0.62, volti 8, na wati 105. Joto hilo linatawanyika kwenye bomba zima, kiasi cha wati 5 kwa kila mita, na ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Mwenye nyumba analipia yuniti za LUKU zinazopasha plasta, na ganda la PVC, ambalo kikomo chake cha kazi ni nyuzi 70, linazeeka kabla ya wakati, hasa bomba linapopita chini ya bati.

Panapoanzia moto hasa ni kwenye viungo. Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando wa oksaidi usiopitisha umeme. Ikibanwa na skrubu hulegea taratibu, kwa sababu ni laini na inaendelea kusogea chini ya mgandamizo. Ikipata joto hutanuka kuliko shaba na kuliko shaba nyeupe ya teminali, ikipoa hurudi, na kila mzunguko unaacha nafasi kidogo. Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, unyevu wenye chumvi unaongeza kutu pale metali mbili zinapogusana. Kiungo kilichofikia omu 0.2 kwa ampea 13 kinatoa wati 34 mahali pamoja. Hicho ndicho kiasi cha umeme cha kifaa cha kulehemu redio, nacho kinayeyusha lehemu. Hapa kimefungiwa ndani ya kiboksi cha plastiki nyuma ya soketi.

Breka hailioni jambo hili. Kwake, ampea 13 kwenye breka ya 20 ni matumizi ya kawaida, na ukinzani ukiongezeka mkondo hupungua badala ya kuongezeka. Hata megga inayotumika kwenye ukaguzi kabla nyumba haijaunganishwa umeme hailioni, kwa kuwa inapima ganda na wala haipimi kondakta. Waya mbovu wenye ganda zuri unasoma megaomu nyingi na kupita bila swali.

Shoti ikitokea, waya huohuo unaichelewesha breka. Breka ya ampea 20 ya aina C ina uhakika wa kukata papo hapo pale tu mkondo unapofika ampea 200, na kwa volti 230 hiyo ina maana ukinzani wa njia nzima usizidi omu 1.15. Tuseme njia ya nje ya nyumba ina omu 0.4 na soketi iko mita 30. Kwa shaba halali jumla ni omu 0.84, mkondo wa shoti unafika ampea 270, na breka inakata chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa waya tulioueleza jumla ni omu 1.33 na mkondo ni ampea 173. Hapo breka inaweza kusubiri sehemu yake ya joto ijikunje, jambo linaloweza kuchukua sekunde kadhaa. Waya uliokwisha kuwa na joto la kazi unafikia nyuzi 160, kikomo cha PVC wakati wa shoti, kabla sekunde moja haijaisha.

Hatuipigi vita alumini. Nyaya za kwenye nguzo zetu ni za alumini na zinafanya kazi vizuri, kwa sababu zimepewa eneo kubwa linalofidia ukinzani na viunganishi vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Tunachokataa ni alumini kuingizwa ndani ya nyumba kwa jina la shaba, kwa vipimo vya shaba na kwenye soketi za shaba. Marekani ilijaribu alumini kwenye sakiti za majumbani kati ya miaka ya 1965 na 1973 shaba ilipopanda bei, tena kwa uwazi, waya ukiwa umeandikwa wazi kuwa ni alumini. Tume yao ya usalama wa bidhaa ilikuja kueleza kwamba nyumba zenye alumini iliyotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na kiungo kilichofikia hali ya hatari ya moto kuliko nyumba za shaba. Hapo fundi alijua anachofunga. Fundi wetu anadanganywa.

Na mzigo unakuja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na sehemu ya hao watapika kwa umeme. Soketi iliyozoea kuchaji simu itapewa jiko la wati 2,000 kwa saa nzima kila jioni. Joto la waya linakwenda na mraba wa mkondo, kwa hiyo nyumba ambayo kasoro yake ilijificha kwa miaka kwenye taa na redio itaionyesha kwenye jiko.

Kupima hakuhitaji maabara kubwa. Multimita ya kawaida ikiwekwa kwenye omu haifai, maana waya zake zenyewe na mgusano wa ncha vina ukinzani mkubwa kuliko kinachopimwa. Njia ni ya waya nne. Chukua betri ya gari ya volti 12 na taa ya gari ya wati 55, uziunge mfululizo na waya unaopimwa pamoja na multimita ya kwanza iliyowekwa kwenye ampea 10. Itasoma karibu ampea 4.5. Kwa multimita ya pili pima volti kati ya nukta mbili zilizoachana mita 10 kamili kwa tepu, na nukta hizo ziwe katikati ya klipu mbili za betri, zisiguse klipu zenyewe. Milivolti gawa kwa ampea ni miliomu. Waya halali wa 2.5 kwa mita 10 usizidi miliomu 74.1 kwenye nyuzi 20. Kwa joto la Dar es Salaam la nyuzi 32 ongeza asilimia 4.7, upate 77.6, yaani kama milivolti 350. Waya ule mwingine utasoma zaidi ya 700. Tofauti ya namna hiyo haihitaji mtaalamu wa kuitafsiri.

Tahadhari moja kwa wakaguzi wako: wasipime roli zima bila kupima urefu. Mita 80 za waya wa milimita za mraba 2 zina ukinzani uleule wa mita 100 za waya wa 2.5 kamili, na roli pungufu ni wizi mwingine unaojulikana. Mizani nayo inasaidia. Shaba peke yake ndani ya mita 100 za 2.5 halali ina zaidi ya kilo 2. Ile ya CCA ya milimita za mraba 1.77 haifiki gramu 600. Kinachoongeza uzito ni ganda, kwa hiyo sampuli ichubuliwe kwanza.

Kwa hayo yote, Ndugu Mkurugenzi, tunaomba ganda la kila waya wa majengo, uliotengenezwa nchini na ulioagizwa kutoka nje, libebe jina la mtengenezaji, namba ya toleo, metali ya kondakta kwa neno kamili, eneo, kikomo cha omu kwa kilomita na alama ya kila mita. Neno "CCA" peke yake lisitoshe. Liandikwe "alumini iliyovikwa shaba" kwa Kiswahili, na waya huo usiruhusiwe kuitwa wa wayaringi. Tunaomba ofisi zako za kanda zipewe kipima miliomu cha waya nne na ziwe zinanunua sampuli kimyakimya, kuanzia Kariakoo hadi maduka ya wilayani, kama mteja yeyote anavyonunua, bila kutumia sampuli zinazoletwa na muuzaji. Matokeo yatangazwe kwa namba ya toleo kila robo mwaka, ya waliofaulu na ya walioshindwa. Waya wa ethi na waya laini wa ekstensheni visisahaulike. Hivyo ndivyo vinavyonunuliwa bila kuulizwa chochote.

Mtengenezaji anayeweka shaba kamili ndiye anayeumia sasa, kwa kuwa roli lake haliwezi kushindana kwa bei na lenye robo ya metali. Na fundi akimwambia mteja anunue la ghali, hana cha kumwonyesha zaidi ya neno lake. Tukiwa na namba kwenye ganda, tutapima mbele ya mteja kabla waya haujaingia ukutani, na roli litakalozidi kikomo litarudi dukani siku hiyohiyo. Tuko tayari kuleta sampuli kwenye ofisi yoyote ya kanda utakayoelekeza, zikiwa na risiti na vipimo vyake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi umeme wa majengo,
Dar es Salaam.

Nakala: Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA); Tume ya Ushindani (FCC).